Asilimia 9 yangu imekwenda wapi?

Shikamoo Anti,

Nauza madera na vitenge Kariakoo, nyumbani ni Mbagala. Kikoba chetu kilipovunjwa, nikichanganya mgao wangu na akiba ya dukani, nilijikuta na shilingi milioni 6 mkononi. Niliogopa kukaa nazo ndani, nikazipeleka benki. Kijana wa kaunta akanishauri niweke fiksi, yaani nizifungie kwa miezi mitatu, riba asilimia 9. Nikapiga hesabu kwenye simu, asilimia 9 ya milioni 6 ni 540,000. Nikasaini na furaha zangu, nikamwambia binti yangu ahesabu kompyuta ya chuo imepatikana.

Miezi mitatu imeisha, nimeingiziwa 121,500. Nilijua wamekosea. Nikarudi, wakanionyesha karatasi yenye sahihi yangu, wakasema kila kitu kiko sawa. Nikaondoka nimenuna, sikuelewa hata walichonieleza. Hapohapo wakaniambia kama nimebanwa naweza kukopa milioni 5 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 18 flati. Jirani yangu wa dukani amekopa benki nyingine kwa asilimia 20, eti riba inayopungua, kwa hiyo naona wa kwangu ni nafuu, ingawa bado sijauchukua.

Mtoto wa dada yangu, yeye anafanya kazi Posta, ananiambia, "Mama mdogo, achana na benki, nenda mfuko wa uwekezaji." Kanitumia makaratasi kwenye simu, nimesoma mpaka kichwa kimeuma: kipande, thamani halisi ya kipande, ukwasi, gawio, hati fungani, meneja wa mfuko, mtunza mali. Anasema nimtumie hela anisajilie kwa namba yake ili awe ananifuatilia. Na mwenzangu wa kikoba yuko kwenye kundi la WhatsApp linalotoa asilimia 20 kwa mwezi. Ameshalipwa mara mbili, nimeona kwa macho yangu.

Katika hizo milioni 6, milioni 2 na nusu ni za chuo cha binti, zitahitajika miezi michache ijayo. Milioni 3 na nusu ni za kupaua nyumba yetu Chamazi, na fundi nimeshamwambia si kabla ya miaka miwili. Baba watoto anataka zote zirudi kwenye kikoba. Kingine kidogo, kwa nini benki wananionyesha salio mbili zisizolingana?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na kinachokuchoma. Hela yako haikuibwa. Asilimia 9 uliyoambiwa ni ya mwaka mzima, na wewe uliweka robo ya mwaka. Chukua hiyo 540,000 uliyoipata kwenye simu, igawe kwa 4, unapata 135,000. Hapo Serikali inachukua kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba, yaani 13,500, na benki ndiyo inayoikata kabla ya kukuingizia. Inabaki 121,500. Shilingi kwa shilingi.

Lakini kwamba hesabu imekaa sawa haimaanishi ulitendewa vyema. Mtu anayekaa kaunta akakuona unasaini huku unatabasamu, alipaswa kukuambia kwa sauti, "Mama, baada ya miezi mitatu utapokea laki na ishirini na moja elfu na mia tano." Sentensi moja tu. Siku nyingine usisaini mpaka uandikiwe kiasi utakachopokea kwa shilingi, baada ya kodi na makato, na tarehe yake. Asilimia waachie wao.

Na ujue kwamba karibu kila riba inayotajwa na benki huwa ni ya mwaka, iwe imewekwa kwa siku 30 au 90. Ukiona mtu anakutajia riba ya mwezi au ya wiki, simama kwanza umuulize kwa nini. Ungeacha fiksi yako ijirudie kila miezi mitatu kwa riba hiyohiyo, pamoja na faida yake ndani, mwisho wa mwaka ungekuwa na takriban 501,000 juu ya milioni zako 6. Ungeifunga mwaka mzima na kulipwa riba mwishoni, ungepata 486,000. Tofauti inatokana na riba kuzaa riba. Ukiivunja katikati, benki nyingi hukupunguzia riba au kukunyima kabisa, kwa hiyo hilo nalo uliza mapema.

Salio mbili ni jambo jepesi. Moja ni jumla iliyoandikwa kwenye vitabu vya benki, nyingine ni kiasi unachoweza kutoa saa hiyo. Zinatofautiana pale hundi haijaiva, malipo hayajakamilika au benki imeshikilia kiwango cha chini cha akaunti. Unapotaka kutumia, tazama hilo la pili.

Sasa mkopo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu umeshaanza kuuona ni nafuu. Sio nafuu. Flati maana yake riba inapigwa juu ya milioni 5 zote mpaka mwezi wa mwisho, hata kama umesharudisha milioni 4. Asilimia 18 ya milioni 5 ni 900,000. Utarejesha milioni 5 na laki 9, kama 491,700 kila mwezi. Riba inayopungua inapigwa juu ya deni lililobaki tu. Kwa asilimia 20 ya namna hiyo, mkopo huohuo wa milioni 5 kwa mwaka mmoja unarejeshwa kama 463,200 kila mwezi, na riba yote inafika kama 558,000. Jirani yako mwenye asilimia 20 analipa pungufu yako kwa zaidi ya laki 3. Ukiugeuza huo wako wa 18 flati uwe wa kupungua ili ulinganishe sawasawa, unakaribia asilimia 32. Hapo bado ada ya kushughulikia mkopo na bima hazijawekwa. Na fikiria: hela yako wanailipa asilimia 9, ya kwao unailipa 32. Kuwa na milioni 6 kwenye fiksi huku unakopa milioni 5 kwa bei hiyo ni kujitoboa mfuko mwenyewe. Usiuchukue.

Twende kwenye makaratasi ya mpwa wako. Maneno ni mengi, lakini kila unapokutana na neno jipya kuhusu hela yako, tafuta mambo mawili: nani anawajibika kunilipa, na lini naruhusiwa kutoka. Ukishayapata hayo, jina la bidhaa halikutishi.

Kwenye fiksi, anayewajibika ni benki. Umeikopesha, imekubali kiwango, na italipa hata kama biashara yake imekuwa mbaya mwaka huo. Benki ikifungwa je? Hutokea. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki ndogo tano kwa mpigo. Ndiyo maana kuna Bodi ya Bima ya Amana, inayomlipa kila mweka amana mpaka shilingi milioni 7 na nusu. Zamani ilikuwa milioni 1 na nusu tu, kiwango kikapandishwa mwaka 2023. Kinachozidi hapo unasubiri mfilisi auze mali za benki. Milioni zako 6 zinaingia ndani ya kinga hiyo.

Kwenye mfuko wa uwekezaji hakuna aliyekopeshwa, na hakuna anayewajibika kukupa asilimia yoyote. Wewe ni mmiliki pamoja na wenzako. Kikoba unakijua kuliko mimi: mnachanga, hela inazungushwa, mwisho wa mzunguko mnagawana kilichopatikana kwa hisa za kila mtu. Mfuko nao ni mchango wa watu wengi, ila tofauti zake ndizo za kukumbuka. Hela haikopeshwi wanachama. Inanunua hati fungani za Serikali na za kampuni, hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sehemu inawekwa fiksi benki, kwa mafungu makubwa ambayo mimi na wewe hatuyafikii. Na huhitaji kusubiri mzunguko uvunjwe, kwenye mifuko mingi unaingia na kuomba kutoka siku unayotaka.

Sehemu yako ndani ya mfuko ndiyo kipande. Bei yake haipangwi na mtu. Wanachukua thamani ya mali zote za mfuko siku hiyo, wanatoa madeni na gharama, kilichobaki wanagawa kwa idadi ya vipande vyote. Nikupe mfano wa kubuni: mfuko una mali ya shilingi bilioni 50, madeni bilioni 2, vipande milioni 120. Bilioni 48 ukigawa kwa milioni 120 unapata shilingi 400. Hiyo ndiyo thamani halisi ya kipande. Ukileta milioni 1 unapata vipande 2,500. Mwaka ukiisha kipande kikiwa 436, vyako vina thamani ya 1,090,000. Kikiwa 390, vina thamani ya 975,000, na hakuna wa kumdai.

Watu wengi wananiuliza kama wanunue mfuko ambao kipande ni shilingi 150 kwa sababu wa shilingi 1,000 ni ghali. Hapana. Bei ya kipande inakuonyesha tu mfuko ulianzia wapi na umekua kiasi gani. Cha kulinganisha ni kasi ya kukua kwa miaka kadhaa, na hata hiyo ni habari ya jana. Ukiona tangazo limeandika mfuko ulitoa asilimia 12 mwaka uliopita, usilisome kama ulivyosoma ile 9 ya benki. Ile 9 ni mkataba. Hii 12 ni taarifa ya kilichotokea.

Gawio ni pale mfuko unapotoa sehemu ya mapato na kuwapa wenye vipande. Sio mifuko yote inatoa, mingine inaacha mapato yakue ndani ya bei. Na siku gawio linapolipwa bei ya kipande hushuka kwa kiasi kilekile. Kipande cha 430 kikitoa gawio la shilingi 30 kitaamka 400. Nimeona watu wakikimbia kutoa hela zao asubuhi hiyo wakidhani wamepata hasara, kumbe shilingi 30 zao ziko kwenye simu.

Hati fungani ni mkopo. Serikali inakopa kwa wananchi na mabenki kupitia mnada wa Benki Kuu, kwa muda wa kuanzia miaka 2 hadi 25, inalipa riba kila miezi sita, ile wanayoiita kuponi, na mwisho wa muda inarudisha hela yenyewe. Wewe mwenyewe unaweza kununua kuanzia shilingi milioni 1 kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Kuna na ndugu zake wa muda mfupi, dhamana za siku 35, 91, 182 na 364. Hatari ya hati fungani wengi hawaijui: ukishika karatasi inayolipa asilimia 10, kisha mpya zikaanza kulipa 12, hakuna atakayenunua yako kwa bei kamili. Ukisubiri mpaka mwisho wa muda unalipwa yote. Ukitaka kuiuza kabla, unashusha bei. Kwa sababu hiyo hata mfuko uliojaa hati za Serikali, ambazo ni salama, bei ya kipande chake inaweza kutetereka.

Ukwasi ni urahisi wa kugeuza ulichonacho kuwa hela taslimu. Kiwanja chako cha Chamazi ni mali, lakini leo jioni hakilipi ada. Mfuko wa ukwasi unaweka hela kwenye vitu vinavyogeuka hela haraka, kwa hiyo ukiomba kutoa unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Siku chache, sio saa ileile kama wakala wa mtaani. Hilo uliweke akilini unapopanga ada.

Meneja wa mfuko ni anayeamua kinunuliwe nini, naye analipwa ada kutoka ndani ya mfuko, iwe mwaka mzuri au mbaya. Uliza ni asilimia ngapi, na kama kuna makato ukitoka. Mtunza mali ni mtu wa tatu, kwa kawaida benki, anayeshika hela na hati zenyewe. Mpangilio huu ndio unaonipa mimi usingizi, maana anayeamua siye anayeshika. Kampuni ya meneja ikifilisika, mali za mfuko si zake, wadai wake hawazigusi. Juu yao yupo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Mfuko wa kwanza wa namna hii uliopata wananchi wengi ni Umoja, ulioanza mwaka 2005, na leo UTT AMIS, kampuni ya Serikali, inasimamia Umoja, Watoto, Jikimu, Wekeza Maisha, Ukwasi na wa Hati Fungani. Siku hizi kuna wasimamizi wengine wenye leseni pia. Lakini kumbuka, Bodi ya Bima ya Amana haihusiki na mifuko. Ile milioni 7 na nusu ni ya amana za benki tu.

Kundi la WhatsApp. Mdogo wangu, asilimia 20 kwa mwezi ni zaidi ya asilimia 790 kwa mwaka ukiiacha izae. Hakuna duka la Kariakoo linalozaa hivyo, wala hati ya Serikali yoyote. Kwamba mwenzako amelipwa mara mbili hakuthibitishi chochote, kwa sababu wanaoingia leo ndio wanaomlipa aliyeingia jana, na wa mwanzo lazima walipwe ili wawe mashahidi. Wewe ulikuwa mjini hapa wakati wa DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela. Watu walipanda mbegu, wakavuna, wakawaita ndugu na waumini wenzao, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake kufikishwa mahakamani Kisutu. Waliolia ni wale walioitwa mwisho. Uliza lile swali la kwanza: nani anawajibika kunilipa? Namba ya simu. Mtunza mali ni nani? Yuleyule mwenye namba. Usiweke hata shilingi elfu 10, na mwenzako mwambie atoe chake wakati bado wanalipa.

Sasa hela zako. Za ada, milioni 2 na nusu, hazitakiwi kuyumba. Mpe binti utulivu wa akili. Ziweke fiksi inayoiva kabla ya chuo kufungua, au kwenye mfuko wa ukwasi na uombe kutoa wiki mbili kabla ya tarehe ya malipo. Tofauti ya faida kwa muda mfupi hivyo ni ndogo, chagua kile kilicho karibu na wewe. Kompyuta nayo isitegemee faida. Ipange ndani ya bajeti ya duka.

Milioni 3 na nusu za kupaua zina miaka miwili, kwa hiyo zinastahili kukua kwa kasi kuliko bei za mabati. Mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3. Hela iliyolala kwenye akaunti ya akiba inayolipa 2 inasinyaa polepole, ingawa tarakimu zake zinaongezeka. Mimi ningeweka sehemu kubwa kwenye mfuko wa hati fungani au wa ukwasi, na labda milioni 1 kwenye fiksi ya mwaka. Mfuko wenye hisa nyingi ningeuacha kwa safari hii, maana miaka miwili ni mifupi kwa hisa, na fundi hasubiri soko lipande. Baadaye, nyumba ikishapauliwa, hapo tuzungumze hisa.

Baba watoto hajakosea kuhusu kikoba. Mnafahamiana, mnasaidiana wakati wa msiba, na hilo hakuna mfuko unaolitoa. Baki na hisa zako kama kawaida. Lakini milioni 6 zote kwa watu 20 au 30 wanaofanya biashara moja kwenye soko moja, mwezi soko likidorora mtakwama wote pamoja, na ada itakuwa kwa mtu ambaye naye hana. Mweleze hivyo kwa upole, na umwonyeshe ile hesabu ya 121,500, ataona kwamba sasa unajua unachokifanya.

Kuhusu mpwa wako, amekupenda, na ushauri wake wa mfuko una maana. Ila usisajiliwe kwa namba yake. Akaunti ya mfuko ifunguliwe kwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, kwa namba yako ya simu, na hela ya kutoka iende kwenye akaunti yako ya benki. Vipande vikiwa chini ya jina lake, kisheria ni vyake, na akipatwa na jambo, au akidaiwa, utaanza kuthibitisha kwa ndugu na mahakama kwamba ni vyako. Mwite Jumapili akae nawe mjaze pamoja, simu mkononi mwako, namba ya siri uijue wewe peke yako. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika mrithi, watu wengi huiruka. Andika majina ya watoto wako wote wawili na mgawanyo wa kila mmoja, kisha uiweke nakala pamoja na hati ya kiwanja.